Ndoo ya Maji Yanayonuka

Jumatatu, 3 Juni
Mke wangu Suyapa kanisema tangu asubuhi: nikasugue pila, birika letu la kufulia, kabla bibi afya hajaja kukagua. Kusugua! Mimi natumia akili. Redioni wamesema mbu jike hatagi ovyo, hunusa kwanza. Maji yenye harufu ya majani yaliyooza ndiyo anayoyapenda. Basi! Nimeloweka majani kwenye ndoo, nikaitega kwenye uzio wa jirani, doña Zoila, anayefagia hadi barabara. Mbu wote wahamie kwake. Binti yetu Nohemí alilazwa kwa homa ya dengue mwaka jana, na daktari alisema ya pili huwa mbaya zaidi. Naogopa kila nikisikia mlio wa mbu.

Alhamisi, 6 Juni
Mbu wanaiendea ndoo kwa foleni! Doña Zoila kauliza kwa nini nachungulia uzio wake. Nikasema natafuta jogoo wangu. Kanikumbusha kwamba sina jogoo. Nohemí kajikuna mkono, roho ikaniruka. Suyapa kasema ni vipele vya joto tu.

Jumamosi, 8 Juni
Hofu imenishinda. Je, mayai yakianguliwa hapa hapa? Nimemwaga maji yote. Ila ndoo bado nzima, itupwe kwa nini? Nimeijaza maji safi, nikaiweka kando ya pila. Suyapa kauliza kama nimeisugua hiyo ndoo. Nikasema inang'aa.

Jumatatu, 10 Juni
Bibi afya kaja na tochi. Pila safi: kumbe Suyapa aliisugua mwenyewe kwa klorini na sabuni ya unga. Ndoo imejaa viluwiluwi! Eti mayai hunata ukutani mwa ndoo, kumwaga maji hakuyaondoi, na maji mapya ndiyo huyaangua. Kauliza kwa sauti ya mtaa mzima: "Don Neptalí, wewe unafuga mbu?" Doña Zoila kacheka mpaka kashika uzio. Kwake hakukuonekana hata kiluwiluwi kimoja. Jioni Suyapa kamchukua Nohemí wakalale huko mpaka nisugue kila chombo. Nilibeba mto wa mwanangu hadi mlangoni kwa Zoila. Aibu!

Jumanne, 11 Juni
Nyumba kimya. Nimekula baleada ya jana, chapati yetu ya maharage, peke yangu. Ghafla nikakumbuka: nimewaita mbu kwenye uzio wa Zoila, na mwanangu analala hatua kumi kutoka hapo! Lazima niwarudishe. Nimeloweka majani kwenye ndoo nne, zote chini ya kitanda changu. Waje waniume mimi. Sijazisugua, harufu isije ikapotea.