Droni Isiyojua Kuzunguka Ngitili

Kamati ya Ngitili,
Kijijini, nje kidogo ya Mhunze,
Kishapu.

Kwa Wakubwa wa Kiwanda cha Droni (jina lenu limeandikwa ubavuni kwa herufi ndogo kama mchwa, miwani yangu haikufika),

YAH: KUIPUNGUZIA DRONI AKILI KISHA KUTUUZIA

Mwangaluka. Ndivyo tunavyosalimiana asubuhi huku Usukumani. Kwa kuwa sijui mna umri gani naongeza na shikamoo, msije mkasema nimewakosea adabu kabla sijaanza.

Mimi ni Stanslaus Ndaki, katibu wa kamati ya ngitili. Ngitili, kama huko kwenu hamna, ni eneo la malisho tunalolifunga mvua zikianza, lisikanyagwe na ng'ombe wa mtu yeyote mpaka kiangazi kikaze, ndipo tunalifungua wote kwa pamoja. Mwaka jana majani yaliisha kabla ya wakati, na ndama wanane wakafa kwa njaa kijijini. Wawili walikuwa wa mjane mmoja, Vumilia, na hakuwa na wengine. Kwa hiyo msidhani nawaandikia kwa kukosa kazi.

Miaka miwili iliyopita tulichanga tukanunua droni ya kwanza kwa mpiga picha za harusi wa Bugarama. Ilikuwa kuukuu, bawa moja limeshikizwa kwa gundi, lakini akili ilikuwa nayo. Niliizungusha mara moja kuufuata mpaka wa ngitili, nikaiwekea vituo kumi na vinne kwenye simu, basi. Kila siku saa moja kamili asubuhi nabonyeza mara moja, inapaa yenyewe, inapita kituo kwa kituo ikipiga picha, na saa moja na dakika ishirini inatua miguuni pangu. Mimi nakunywa uji. Kwa miaka miwili haikumkuta ng'ombe hata mmoja ndani. Hata mmoja! Nitajieni mlinzi wa namna hiyo.

Mwezi Machi mwewe akaiangusha. Tukachanga tena, tukanunua yenu mpya kwa Mwanaima, mwenye duka la simu Kahama. Nikatafuta mahali pa kuweka vituo siku tatu mfululizo. Mwanaima naye akatafuta, akapiga simu huko anakoagizia, akarudi kunipa pole: kwenye hizi mpya za bei ya wananchi uwezo huo mmeuondoa. Haya. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmetoa akili mkaweka urembo. Droni hii inajua kunizunguka nikitabasamu. Inajua kupiga picha za wima za kurusha mitandaoni. Inajua kunifuata nikikimbia, nami nina miaka hamsini na nane, nakimbilia wapi? Lakini njia iliyopita jana, leo haiijui. Punda wa kwetu ukimpeleka kisimani mara mbili, ya tatu anakwenda mwenyewe, na wala hakutengenezwa na wahandisi.

2. Sasa lazima niiendeshe kwa vidole, na vidole vyangu ni vya jembe. Nimeitua kwenye miiba mara nne, na mara moja juu ya paa la kanisa katikati ya mahubiri. Padri akawaambia waumini waitafakari ishara hiyo. Mpaka leo sijawahi kukivuka kilichokuwa kituo cha pili.

3. Hili ndilo zito. Mashine inayokwenda yenyewe haina shemeji. Mimi ninaye, anaitwa Kalisti, na ana ng'ombe arobaini. Nikiielekeza droni kushoto, watu wanauliza mbona sikwenda kulia kwa Kalisti. Nikienda kulia, Kalisti anamwambia dada yake Limi, ambaye ndiye mke wangu, na jioni hiyo nawekewa michembe, viazi vikavu vya kuchemsha, bila karanga. Zamani nilikuwa nawajibu: semeni na vituo. Leo nasemwa mimi, na inaniuma kweli, maana katika kijiji hiki sina mali ya kujivunia zaidi ya kutopendelea.

4. Na msijidanganye kwamba huu ni uchungu wa mtu mmoja. Nilipolipeleka jambo hili kwenye dagashida, mkutano wetu wa kijiji, niliona umoja ambao sijauona tangu nizaliwe. Watu wasiokubaliana hata siku ya kupanda mtama walisimama wote kudai droni ya vituo. Walisema hii ya vidole mtu hajui itapita saa ngapi, na hawapati usingizi. Ari iliyoje! Wafugaji wakorofi, waliotozwa faini miaka ya nyuma mpaka wakazoea, ndio waliogombania kalamu. Kalisti alitokwa na machozi. Wa kwanza kusaini alikuwa mke wangu. Sahihi na alama za dole gumba mia mbili na kumi na mbili nimeziambatanisha. Aliyekataa ni Vumilia peke yake, akasema haoni faida yake. Mjane ana uchungu wake, tukamwacha.

5. Kwa hiyo tunataka uwezo ule urudishwe ifikapo mwakani. Mkishindwa, tuleteeni mhandisi mmoja aje kukaa hapa, na kila saa moja asubuhi auzunguke mpaka kwa miguu, amenyoosha mikono na kuvuma. Nyumba tutampa, maziwa ya mgando tutampa, na akipata mchumba, mahari tutazungumza.

Nisalimieni wote kiwandani, mabosi na wafagiaji. Na yule, maana hakosekani, aliyesema kikaoni kwamba uwezo huo hautumiwi na mtu, msalimieni mara mbili, mwambieni mtu mwenyewe ndiye mimi. Wabeja sana, asanteni.

Wenu, mwenye shingo inayouma kwa kutazama juu,
Stanslaus Ndaki
Katibu

N.B. Nilikuwa sijafunga bahasha. Jana umeme ulikatika, betri ikachelewa kujaa, nikarusha droni saa nne badala ya saa moja, na upepo ukaipeleka mbali kuliko nilivyokusudia. Wakubwa, ngitili ilikuwa imejaa ng'ombe kama mnadani! Wa Kalisti walikuwemo, wa waliosaini walikuwemo, na pembeni alikaa Limi na ng'ombe wetu kumi na mmoja. Nilipomuuliza hakuona hata aibu. Alisema kijiji kizima kinajua kwamba ikifika saa moja na nusu droni imeshatua, na mazizi yanafunguliwa, na ndivyo ilivyokuwa miaka yote miwili. Alidhani nami najua, maana maziwa nilikuwa nayanywa.

Nilimkumbuka Vumilia na ndama wake, nikaona haya mpaka nikakaa chini. Kisha nikaikumbuka sheria, niliyoiandika kwa mkono wangu: anayekamatwa anatoa mtamba mmoja hadharani, na akiwa kiongozi, watatu. Basi picha za jana nimezifuta. Ombi letu liko palepale, ila palipoandikwa mwakani someni wiki hii. Dagashida ni Jumamosi, na Vumilia ameomba droni irushwe mbele ya watu wote, saa nne.