Kile Kidogo cha Njano

Mtu aliyenunua boti kabla ya kujua kuogelea ana vitu viwili: pesa na aibu. Bwana Dira, aliyepewa jina hilo kwa kujua siku zote pesa ziko upande gani, aliliona hilo aliposimama gatini akiwatazama wanachama wa klabu ya boti wakipotea mchana kweupe, wake zao wakiwaona kutoka ufukweni. Wiki haikuisha, akakodi chumba kilichokuwa ofisi ya bima, akatandika kitambaa cha kijani mezani na kupanga vifaa vitatu vya GPS vya kushika mkononi.

Viwili vilikuwa vikubwa, vyeusi, vya bei ya kumtoa mtu jasho. Ndani mlijaa plasta ya ukutani, viwe vizito. Cha tatu, kidogo cha njano chenye mikwaruzo, ndicho pekee kilichofanya kazi, na bei yake ilishushwa makusudi ili kidharauliwe.

"Hebu tazama," alimwambia kila mteja pale mlangoni, setilaiti zikijitokeza kiooni moja moja. "Hiki ni cha watoto, na kimeshakuonyesha hadi kizingiti ulichosimamia. Sasa pata picha hicho kikubwa!" Kisha alikohoa kidogo, akataja bei.

Kikubwa cha kununua kilikuwa ndani ya boksi lenye lakiri. Ukilifungua kabla ya kusajiliwa, waranti imekufa. Watu wazima wenye digrii zao walikubali. Kidogo hakuna aliyekiulizia. Mwenye boti anunue cha watoto, wenzake wamwone?

Ijumaa walikuwamo wanachama wawili, mtu na shemeji yake. "Kesho tunakuja wote kumi na mmoja, hela mkononi," walisema. Bwana Dira akameza mate. Hapo likaingia pande la mtu lenye kofia ya unahodha, likasikiliza hotuba yote, likaguna.

"Nipe hicho cha njano."

"Bosi wangu, hicho kitakuaibisha."

"Kikianguka majini kinaelea?"

"Kinaelea, lakini..."

"Betri za dukani kinakubali? Vitufe vinabonyezeka mikono ikiwa imelowa?"

"Ndiyo, ila mtu wa hadhi yako..."

"Hadhi haijawahi kunirudisha nchi kavu. Bei si hii umeandika?"

Shemeji akashangaa. "Ndugu, mbona unakataa kuuza?"

Kukataa mbele ya wale wawili kungezua maswali, na tapeli hapendi maswali. Basi, kwa mara ya kwanza maishani, Bwana Dira akauza kitu halali kwa bei ya haki, na ikamuuma kama aliyeibiwa. Akajifariji kwamba ulimi wake ungetosha.

Jumamosi alingoja hadi saa sita. Hakutokea hata nzi. Akatoka mbio hadi gatini.

Chini ya mwavuli, yule mwenye kofia alikuwa na meza yake, na nyuma yake maboksi yake mwenyewe yenye lakiri yamepangwa hadi kiunoni. Wale kumi na mmoja walisukumana kulipa. "Hiki ni cha watoto tu," alikuwa akiwaambia. "Sasa pateni picha hicho kikubwa!" Hata kile kikohozi cha Bwana Dira cha kabla ya kutaja bei alikuwa amekiiba.

Bwana Dira alitaka kupiga kelele za mwizi. Amwambie nani, na aeleze nini? Akasogea tu karibu. Kile kidogo kilikuwa kimefungwa mnyororo kwenye meza, na kikaratasi kimebandikwa pembeni: CHA MAONYESHO. HAKIUZWI.

Maneno matatu. Miaka yote ile ya kuishi kwa mdomo, na hayo matatu hayakuwahi kumjia.