Robo Yangu, Kodi ya Nyumba Nzima

Jumatatu, 3 Novemba
Tumehamia, mimi na mke wangu Glenys. Robo ya nyumba ni yetu. Robo tatu ni ya shirika la nyumba, nalo tunalilipa pango kila mwezi. Ningekuwa na nyumba nzima isingekuwa ile biashara ya konokono. Sitaki kuizungumzia.

Jioni akaja Roland, kaka yake Glenys, na keki na ulimi wake. Kazunguka vyumba vyote, mikono nyuma, kisha akaniuliza: sasa shemeji, robo yako ni ipi hasa, jiko au choo? Glenys alicheka. Alicheka kupita kiasi.

Alhamisi, 6 Novemba
Kwa mwanasheria wetu, Bi Threlfall, kuhusu kodi ya serikali ya kununua nyumba. Kanieleza polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Ukihesabiwa kwa robo yako, robo ni ndogo mno, hudaiwi hata peni moja. Au ukitaka, lipia thamani ya nyumba nzima sasa hivi, pauni elfu saba, na siku ukija kuinunua yote hudaiwi tena. Ukishachagua, hakuna kubadili. Akasema kwa watu wa hali yenu, nyamazeni, msilipe kitu.

Watu wa hali yetu!

Nimewaza njia nzima. Nyumba hupanda bei. Nikilipa leo, nimeiwahi serikali. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Tena Roland atakuwa amejibiwa, kwani aliyelipia kodi nyumba nzima ana nyumba nzima. Hii ni hesabu, si kiburi.

Jumanne, 11 Novemba
Nimelipa. Bi Threlfall aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Mara ya tatu alivua miwani.

Pesa ni za Glenys, alizoachiwa na marehemu mama yake. Alizitenga kwa boila mpya ya kupasha nyumba joto, maana iliyopo inakohoa kuliko yeye, na kifua chake hakiwezi baridi. Karatasi alizitia saini bila kusoma. Ananiamini. Hilo limenikaa vibaya kidogo. Nitamwambia, nangojea wakati mzuri.

Ijumaa, 21 Novemba
Boila imekufa. Barafu kwenye vioo vya madirisha, upande wa ndani.

Sikubabaika. Boila ni sehemu ya nyumba, nyumba robo tatu ni yao, basi robo tatu ya boila walipe wao. Nikapiga simu. Binti mmoja mpole akasema matengenezo yote ni juu ya mwenye nyumba. Nikamuuliza mwenye nyumba ni nani. Akasema ni wewe, baba. Nikamuuliza, mbona basi nalipa pango? Akasema kwa sababu nyumba ni yetu.

Nikarudi jikoni. Glenys, ndani ya makoti mawili, akauliza pesa za boila ziko wapi. Ikabidi niseme. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema tu kwamba mama yake alishona mapazia ya watu maisha yake yote ili apate zile, kisha akapanda juu kufungasha. Roland akaja kumchukua. Hakunitania hata kidogo, alibeba begi tu. Hapo ndipo nilipoumia.

Jumapili, 30 Novemba
Chakula cha mchana kwa Roland. Nyama ya kuoka, viazi, na joto la kunivua sweta zote mbili. Kikohozi cha Glenys kimepungua. Nimemkumbuka sana, hata kule kukohoa kwake kwa asubuhi.

Akaniita kando. Tuuze hiyo robo, akasema, tupange chumba kidogo chenye joto, nami sitakutajia tena hizo pesa mpaka nife. Maneno mazuri. Nusura niseme ndiyo. Kisha nikauliza kama tukiuza kodi itarudishwa. Roland akajibu kutoka mezani: maji yakimwagika hayazoleki, shemeji.

Basi siwezi. Nimelipia nyumba nzima, nitaachaje robo?

Mlangoni Glenys akanishindilia pesa mfukoni, za mshahara wake wa kupika shuleni. Ninunue hita, asije akanizika.

Jumanne, 9 Desemba
Sikununua hita. Nimemlipa mthamini, maana bila mthamini shirika halikuuzii robo nyingine. Glenys atafurahi nikishazipata nne zote.

Mthamini alifanya kazi yake bila kuvua koti. Aligusa ukuta wa chumba chetu, akakitazama kidole. Anasema unyevu umeingia, nyumba isiyokaa na moto huoza, na thamani imeshuka tangu tununue. Kwa hiyo nimelipia kodi nyumba ghali kuliko hii. Nilikaa kwenye ngazi muda mrefu. Nilijisikia mnyonge kabisa.

Kisha nikaona. Ikishuka bei, robo ya pili nitainunua rahisi! Na kwa mwendo huu, ikifika Aprili itakuwa rahisi zaidi. Kazi yangu ni kukaa hivi hivi, bila moto.

Glenys ameniandikia kwenye simu, anauliza kama hita inafanya kazi. Nimevua glavu nikamjibu kwamba inawaka vizuri.