Nauza Nyumba, Nakwenda Muyinga

Jumatatu, 6 Oktoba

Wiki ya tisa ya kuuza nyumba kweli; kusema tu nitauza nilianza mwaka juzi. Waliokuja kuitazama mpaka leo: mmoja aliyepotea njia, mmoja aliyekimbia mvua, na mbuzi.

Nyumba yenyewe haina ubaya. Vyumba vitatu, bati, matofali ya kuchoma, choo kisichoyumba. Gitega yetu ilipofanywa mji mkuu wa Burundi tuliambiwa wakubwa watakuja kununua hadi mabanda ya kuku. Wamekuja kweli. Wanapanga, hawanunui.

Nataka kwenda Muyinga. Huko yuko Gaudensia. Tulikulia pamoja Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi. Pale bombani nilikuwa naacha zamu yangu ipite ili nisimame nyuma yake. Akaolewa na mwingine, nikaoa mwingine. Wenzetu wametangulia, Mungu awapumzishe. Tumebaki, mimi na miaka sitini na minane, yeye hasemi ya kwake.

Kuhamia kwake na mkoba wangu siwezi. Mwanaume anayefuata nyumba ya mwanamke, huku kwetu wanamcheka hadi siku ya mazishi. Ila jirani yake Nazario anauza kijumba kinachopakana na ua wake, amekubali kunisubiri mpaka mwisho wa mwezi. Kwa hiyo hii iuzwe, kile kinunuliwe. Asubuhi nitakohoa, Gaudensia atasikia. Sitaki zaidi ya hapo.

Uongo. Nataka zaidi.

Jumanne, 7 Oktoba

Kosa langu nimeliona! Nchi hii hakuna anayezungumza bei na koo kavu. Nimeagiza mtungi wa urwarwa kutoka Giheta, ile pombe ya ndizi yenyewe, na nikatangaza sokoni kwamba anayetaka kuona nyumba aje aonje.

Wamekuja ishirini na kitu. Wameketi, wameingiza mirija, wamesifu. Mzee mmoja amelisifu paa akiwa amefumba macho. Mtungi ulipokauka, wote kwa pamoja wakakumbuka ng'ombe wao. Nilimshika wa mwisho mkono, nikamuuliza ameonaje vyumba. Akauliza vyumba gani.

Hamadi, fundi cherehani tunayepakana naye ukuta, naye anauza nyumba yake. Alichungulia akaniuliza: "Mzee, we unauza nyumba ama umefungua kabare ya pombe?" Yeye mpango wake ni kufagia uwanja. Kufagia! Maskini.

Alhamisi, 9 Oktoba

Wazo! Limenijia nikinyoa ndevu, nusura nijikate.

Tabora zamani kulikuwa na nyumba zimeandikwa ukutani NYUMBA HII HAIUZWI. Wenyewe waliogopa matapeli wasije wakaiuza mali yao wao wakiwa safarini. Lakini mimi nakumbuka: kila nikipita nilisimama kuzitazama hizo hizo. Zilizokuwa zinauzwa kweli sikuzigeuzia hata shingo.

Nimechukua rangi nyekundu iliyobaki ya mlango. Nimeandika maneno hayo hayo upande wa barabara, herufi ndefu kama mkono. Chini yake nimerudia kwa Kirundi, asije mtu akasema hakuelewa. Hamadi ameuliza kama nimepata kesi. Nimemwambia hii ni biashara, akashone.

Nimempigia Gaudensia. Nimemwambia bado siku chache tu. Akasema maneno hayo ameyasikia tangu mahindi ya mwaka juzi. Lakini alicheka. Amekata, nami nikabaki na simu sikioni kama mjinga, nasikiliza pale kicheko kilipokuwa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Inafanya kazi! Kabla ya saa sita wamesimama watu wanne. Wawili wamesoma kwa sauti. Mmoja ameshuka kwenye gari akapiga picha! Nimejificha nyuma ya dirisha. Asiyeuza hakimbilii watu.

Jumapili, 12 Oktoba

Bora nisingeamka.

Wametoka misa, mume na mke, mtu wa wizara, viatu vinang'aa japo wametembea kwa miguu kwa shida hii ya petroli. Wakasimama kwangu. Mke akasema hili paa zuri. Akasema huu uwanja mzuri, hata mboga zingeota. Nilikuwa dirishani, kichwani nimeshafika Muyinga, nimeshakohoa mara mbili.

Mume akasoma ukuta. Akamvuta mke mkono: "Twende, mama. Mwenye nyumba si mkimbizi aliyerudi kutoka Tanzania? Hapa ndugu wanagombania kiwanja. Tukiingia hatutoki mahakamani."

Nilipopata ndala ya pili walikuwa wameshaketi kwa Hamadi, wanakunywa chai ya tangawizi.

Jumatano, 15 Oktoba

Hamadi ameuza. Ameniletea sambusa za kunishukuru. "Mzee, ukuta yako imenisaidia sana. Mi nilikuwa nimeshachoka kufagia." Nimezila. Tamu, na hilo limenikasirisha zaidi.

Hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba Gaudensia hapokei simu tangu Jumapili. Leo nimekwenda kituoni kumtafuta mpwa wake Bonifasi, anayeendesha gari la abiria la Muyinga. Nimemkuta kwenye foleni ya mafuta. Hakunitazama usoni. Kumbe aliyepiga picha Ijumaa ni yeye, nami sikumtambua na ile kofia yake! Alimwonyesha shangazi yake simu. Shangazi akaitazama muda mrefu, halafu akasema: "Kumbe ameandika hadi ukutani." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Nimejaribu kueleza habari za Tabora. Bonifasi akasema: "Babu, wewe mwambie mwenyewe."

Nimwambie vipi, na simu hapokei? Nimepika maharage. Yamepoa. Nimeyaacha.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimepaka chokaa juu ya maandishi. Nyekundu imepenya. Sasa yanasomeka vizuri zaidi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Amekuja!

Ameshuka kwenye gari la Bonifasi, mwavuli mkononi, kitenge kipya. Hakunisalimia. Alisimama mbele ya ukuta akasoma Kiswahili, akasoma Kirundi. Nikamweleza yote: mtungi, Tabora, Hamadi, chai ya tangawizi. Nilitegemea atacheka. Wapi.

Akaomba kuona nyumba. Tangu Agosti, mtu wa kwanza kufika hadi jikoni! Akagonga kuta. Akafungua dirisha ambalo mimi nilifikiri halifunguki. Akasimama uani muda mrefu akitazama milima, nami nikasimama nyuma yake, kama pale bombani.

Akasema bila kugeuka: "Kastori, tangu mwaka juzi wewe ni kunipigia simu, nauza, nauza. Siku moja uliniuliza kama mimi naweza kuja hapa?"

Sikuwahi.

Akasema kule amebaki na nyumba kubwa na saa ya ukutani, na saa hiyo ameshachoka kuisikiliza. Atakuja. Twende kwanza kwa padri, watu wasipate la kusema. Lakini nyumba yake hataiacha iliwe na mchwa. Ataiuza kwanza, ndipo ahamie.

Auze! Muyinga! Ambako hata ndizi zinasubiri wiki nzima kupata mtu!

Nimemwambia asihangaike hata kidogo, mnunuzi nitamtafuta mimi, kazi hii nina uzoefu nayo. Akaniangalia sana. Akanishika mkono, kwa mara ya kwanza maishani mwetu, akasema: "Kastori, nakuomba kwa jina la Bwana, usiikaribie nyumba yangu."

Ndivyo alivyo. Hapendi kusumbua watu.

Kesho alfajiri napanda gari la Bonifasi. Nitawaambia watu wa Muyinga kwamba askofu aliwahi kulala humo ndani. Wakisitasita, maaskofu wawili.