Seva Yangu ya Ujerumani na Tasnifu ya Afande

Jumatatu, 10 Machi 2025
Leo nimefungua seva kwa bisibisi nikaitengeneza diski yake. Bingwa!

Haya, uongo. Seva iko Ujerumani, nimeipanga kwa mwezi. Hata rangi yake siijui. Ila uzembe wa diski ni wa kweli. Wanafunzi wa Wandegeya, hapa Kampala, wateja wa duka langu la kuchapa, wanaweka tasnifu zao humo, na faili moja ikifunguka chai imeshapoa. Afande Lamwaka wa kituo cha polisi, naye anasomea shahada uzeeni, ameniuliza kama yake naichonga kwenye jiwe. Anaichapisha Alhamisi. Pingu zikalia kiunoni. Mumbere, yule Mkongo wa duka la jirani, naye ana seva yake, akacheka. Bure kabisa!

Jumanne, 11
Dawa nimepata! Faili zote nimezitoa kwenye diski, nikaziweka kwenye kumbukumbu ya seva, ile ramu. Za diskini nikafuta. Za nini? Mbio kama boda iliyoona askari! Nikamringia Mumbere. Akaniuliza, papa Ondiek, unajua ramu husahau kila kitu seva ikizimwa? Nikamjibu Ujerumani umeme haukatiki.

Lakini usiku niliamka mara mbili kuitazama kama bado inawaka.

Jumatano, 12
Barua pepe ya wenye seva. Kesho wanaizima na kuiwasha upya, 9:00, saa za Kampala. Banange! Simu imeanguka mara mbili. Tulia, mzee. Tisa ni saa tisa. Nitazirudisha diskini saa nane, nikishakula. Leo wateja waendelee kuonja mbio.

Alhamisi, 13
Saa tatu asubuhi kamili, skrini nyeusi. Kumbe tisa yao ni tatu yetu! Miaka sitini na nane nasoma saa! Seva imerudi, faili hakuna hata moja. Nje nasikia buti. Ni Afande, amefuata tasnifu yake. Naandika haya nyuma ya mashine ya fotokopi. Amesema anaiona kofia yangu.

Ijumaa, 14
Niko hai. Kumbe Afande alimpa Mumbere nakala ya tasnifu tangu wiki ile ile aliyoniletea mimi. Hakuniamini hata siku moja! Nimeumia. Wateja wote wamehamia kwake. Nimechungulia: seva yake inakokota miguu, aibu tupu.

Mumbere, ndugu yangu, Krismasi ulipokwenda kwenu, nani aliwalisha kuku wako? Basi nipe paswadi ya hiyo seva yako. Dakika tano tu.