Gitaa na Wimbo wa Theluji

Redio ya Hibo haichagui wakati wa kuongea. Tulikuwa pale Wabera, mjini Isiolo, kwenye benchi lake la chai, kati ya duka la simu na karakana ya kuchomelea vyuma, tukiendesha nchi kama kawaida yetu baada ya swala ya alasiri. Warfa alikuwa ndio kwanza anatuonyesha kwa kijiko jinsi angeipanga kaunti kama angepewa wiki moja tu, redio ikamkatiza. Mtangazaji akasema Granite Mules, ile bendi ya roki ya wazee wa ng'ambo, imevunjika. Shoo yao ya Nairobi, ya Jumamosi iliyopita, ndiyo ilikuwa ya mwisho. Hawatapanda jukwaani tena popote duniani.

Siku nyingine habari kama hiyo ingepita pale kijiweni kama lori la mchanga. Tungefumba macho mpaka vumbi litulie, tuendelee na kaunti yetu. Lakini safari hii sote tuligeuka kumtazama Galgalo.

Galgalo ni dalali wa mbuzi, na kijiweni anaitwa Gitaa. Gitaa lenyewe hajawahi kulishika. Jina alilipata kwa kutusumbua na kaseti ya hao Granite Mules, aliyoachiwa zamani na mjomba wake dereva wa lori. Upande wa pili wa kaseti, mwisho kabisa, kuna wimbo wa theluji, na huo ndio ugonjwa wake. Ametuchezea mpaka kanda ikawa inakohoa. Theluji yenyewe ameiona kwa mbali tu, juu ya Mlima Kenya, asubuhi zisizo na mawingu. Alikuwa akisema siku hao watu wakikanyaga Kenya ataenda kuusikia wimbo huo kwa masikio yake, hata kama ni siku ya harusi yake. Akaoa, akapata watoto, mvi zikamwingia kidevuni, wazungu hawakuja, tukadhani ameshapona.

Mwaka huu wakaja, na yeye akaenda.

Tatizo ni kwamba tangu arudi Jumapili, Gitaa alikuwa ametusimulia kila kitu isipokuwa wimbo. Tulijua foleni ilivyokuwa, tulijua vyoo vilivyokuwa, tulijua bei ya maji na rangi ya viatu vya mpiga ngoma. Ukimuuliza wimbo wa theluji ulikuwaje, anaomba sukari.

Warfa aligonga glasi kwa kijiko. Yeye ndiye mwenye duka la simu, na tunamwita Spika kwa sababu hakuna mazungumzo yanayofunguliwa pale bila yeye kutaka utaratibu.

"Order," akasema. "Hii kitu imekuwa serious. Hawa watu wamefunga kazi. Isiolo mzima ni mtu moja tu ameona wao kwa macho. Galgalo, wewe ni shahidi. Sema hiyo wimbo ilikuwa aje."

"Sukari iko wapi?" Galgalo akauliza.

"Sukari imefichwa," Hibo akamjibu kutoka kwenye jiko lake, na kweli aliiondoa mezani tukimwona. "Kwanza sema."

Lomorukai alicheka. Huyu ni wa bodaboda, na jina lake ni Breki kwa sababu hana, si kwenye pikipiki wala mdomoni. Akasema yeye ameshajua siri: Gitaa hakufika kwenye shoo. Alifika Nairobi, akapotea, akalala kwa binamu yake Eastleigh akila pasta, akarudi na hadithi za vyoo ambavyo hata yeye Breki angeweza kuvibuni bila kuondoka Wabera.

Hapo dalali alishikwa pabaya. Ukimwambia dalali wa mbuzi bei yake ni mbaya atacheka, lakini ukimwambia hakufika sokoni umemtukana ukoo. Galgalo akaweka glasi chini na kuanza upya, kwa hasira, kutoka mlangoni.

Alifika mapema, akasema, kabla jua halijapoa. Alivaa nyeusi juu hadi chini kwa sababu ndivyo mashabiki wa roki wanavyovaa. Sasa Mborana mrefu, mwembamba, mweusi tii mpaka viatu, amesimama karibu na geti Nairobi, watu watamchukua kuwa nani? Wasichana wakawa wanampita mmoja mmoja wakimfungulia mikoba aikague. Mwanzo alikataa. Baadaye akaona ni aibu kumkatalia mtu aliyeshafungua, akawa anachungulia na kusema "sawa, pita." Bosi wa walinzi akaja kumuuliza mbona hana redio ya mkononi.

"Hiyo nayo tunaamini," Warfa akasema kwa upole wa spika.

Yeye mwenyewe alipokaguliwa, waliuchukua mswaki wake wa mti wakisema ni silaha. Ndani, vijana wa kushoto kwake waliinua simu, na wa kulia nao wakainua simu, akawaona Granite Mules vizuri kabisa, kwenye simu ya mtu wa mbele. Wazee wenyewe walikuwa na nywele ndefu nyeupe kama pamba. Mwimbaji akapiga kelele kuuliza Nairobi mko aje. Galgalo akaanza kujibu, kwamba sisi wazima, na nyinyi mlisafiri vipi, nyumbani mmeacha mvua. Hajafika kwenye mvua, mtu ameuliza tena, Nairobi mko aje.

"Mara nyingi sana aliuliza," Galgalo akasema, na mpaka leo jambo hilo lilikuwa linamuuma. "Na hangoji jibu. Mimi sijawahi kuona mtu anauliza hali ya watu wengi hivyo na hataki kujua."

Breki akataka kujua muziki wenyewe ulikuwaje, kwa sababu kwa maoni yake roki ni hii karakana ya jirani ikiwa na umeme wa kutosha. Galgalo akakubali kuwa kelele zilikuwepo. Alisema zilimwingia kifuani mpaka akahisi mbavu zinafunguka, na kwamba kwenye wimbo wa kwanza alilia, na hakuona haya, maana waliokuwa karibu naye walikuwa wanapiga picha vichwa vyao wenyewe. Kisha adhana ya magharibi ikaingia kwenye simu yake.

Akapiga hesabu. Wimbo wa theluji ni wa mwisho. Kwenye kaseti ni wa mwisho upande wa pili, na kwa miaka yote hiyo haujawahi kuwa mahali pengine. Kati yake na wimbo huo kulikuwa na kaseti nzima. Akatoka, akaenda kuswali nyuma ya geti penye nyasi, akamaliza, akarudi na kikanda cha mkononi alichofungwa alipoingia. Getini walikuwa wamebadilishana zamu.

Galgalo akaikodolea macho glasi yake. Hibo, bila kuambiwa na mtu, akairudisha sukari mezani.

"Endelea," Warfa akasema.

"Pale geti kulikuwa na mzee ya kofia ya askari. Ananiangalia, mimi naangalia yeye. Akasema, wewe si kijana ya Tuye, Tuye ya Gotu? Nikasema ndio. Akasema mimi ni Golicha. Golicha wa kisima ya juu."

"Ule alipotea?" Hibo akauliza.

"Ule. Alitoka Gotu mimi sijatahiriwa. Akanishika mkono."

Benchi lote likaelewa kabla hajamaliza. Warfa akaanza kutikisa kichwa polepole. Breki peke yake ndiye aliyeuliza, kwani kushikwa mkono kuna nini.

Wewe msomaji wa mbali huenda nawe unauliza. Mzee wa Kiborana akikushika mkono kukusalimu, mkono huo si wako tena mpaka amalize. Anauliza amani ya watu, unajibu nagaa. Amani ya mama yako, nagaa. Watoto, ng'ombe, mbuzi, ngamia, kisima, majani, majirani, kwa kila mmoja nagaa, yaani amani. Hata kama kisima kimekauka na ng'ombe wamekwisha, kwanza ni nagaa, na habari mbaya inangoja zamu yake mwishoni. Anayekata salamu ya mzee njiani amemwambia kwamba amani ya nyumbani kwake haina maana. Na huyu Golicha alikuwa hajamwona mtu wa Gotu, kijijini kwao, kwa miaka isiyojulikana. Alikuwa na deni la salamu za kizazi kizima.

"Alikuwa bado kwa mama yangu," Galgalo akasema, "gitaa ikaanza."

"Gitaa gani?"

"Ile ya theluji."

Wale wazee wa ng'ambo hawakufuata kaseti. Wimbo wa mwisho waliupiga wa tatu. Gitaa lile moja peke yake, lile linaloanza taratibu, lilikuja juu ya ukuta mpaka getini. Na mzee Golicha, akiwa ameligeuzia jukwaa mgongo, akauliza, na ng'ombe je.

"Nikasema nagaa," Galgalo akasema. "Mzee ananiuliza juu ya mbuzi, nasema nagaa, ngoma inaingia. Ananiuliza juu ya ngamia ya babu yangu, ngamia ilikufa zamani, nasema nagaa. Mwimbaji anaimba, watu ndani wanaimba na yeye, mimi niko nje ya geti nasema nagaa. Mimi hiyo wimbo nimesikia yote, Spika. Nimesikia na mgongo."

Breki hakuweza kuvumilia. Kwa Waturkana, akasema, jambo hilo lingekwisha kwa tumbaku. Unamwekea mzee tumbaku mkononi, unamwambia mzee nakuja, naye atakuwa pale pale ukirudi, na furaha imemzidi. Warfa akamuuliza, mzee asiyetumia tumbaku ungemwekea nini, funguo za pikipiki? Breki akasema hata hivyo angekata. Hakuna salamu inayostahili miaka yote hiyo ya kungoja. Hibo akamjibu bila kugeuka kwamba kuna kijana wa kule Kipsing alimkata mzee salamu akimbilie gari, gari akaliwahi, na mpaka leo akienda kuposa anaulizwa kama yeye ndiye yule wa gari. Breki akasema hayo ni maneno ya wanawake. Hibo akamwongezea kwamba posa zimefika sita na kijana bado anajipikia.

Warfa alitaka kumaliza kwa hekima. Akasema haraka haraka haina baraka, na aliyemheshimu mzee hakupoteza kitu.

"Baraka nimepata," Galgalo akasema. "Wimbo ndio sijapata."

Alikuwa ameshika glasi kwa mikono miwili na sauti yake ilikuwa imebadilika. Akatuambia kitu ambacho kwa kelele zake zote za kaseti hakuwahi kutuambia. Mwaka mmoja wa ukame, alikuwa kijana, peke yake kule Kipsing na mbuzi wa baba yake, na mbuzi wakawa wanakufa mmoja baada ya mwingine mbele yake. Kijana wa Kiborana halii kwa sababu ya mifugo. Jioni alikuwa akiweka kaseti ya mjomba, na yule mzungu alikuwa analia ndani ya redio juu ya theluji yake. Maneno yenyewe alikuwa haelewi.

"Alikuwa analia kwa niaba yangu," akasema. "Nilitaka nisimame mbele yake mara moja tu, aone mimi ni nani."

Nitasema ukweli, niliinamisha uso kwenye chai yangu. Hata Breki alikuwa anachunguza kucha zake. Redio iliendelea na matangazo ya sabuni na hakuna aliyesikia ni sabuni gani.

Hibo ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini, jambo ambalo sisi wanaume hatukufikiria.

"Na mzee? Salamu ikiisha, alisema nini? Lazima alikutuma kitu Gotu."

"Alinituma salamu," Galgalo akasema. "Kwa kila mtu."

"Hakuuliza wewe unatafuta nini huko?"

Galgalo alicheka, kicheko cha mtu ambaye amechoka kujihurumia. Aliinywa chai yake yote kwanza, akafuta mdomo.

"Aliuliza. Mimi nikamwambia ukweli. Nikasema, mzee, nimetoka Isiolo kusikia wimbo moja, na hiyo wimbo ndio imekwisha sasa hivi. Mzee akaniachilia mkono. Akashika kichwa. Akasema, kijana yangu, ungeniambia. Hiyo mimi naijua, tangu asubuhi wanapiga wakijaribu mitambo, nimesikia mpaka nimechoka. Usihuzunike, hujakosa kitu kikubwa. Si mbaya, lakini ni ndefu sana. Hawa watu hawajui kufupisha maneno."