Mimba ya Vitenge Kumi na Vinne

Jumatatu, 11 Januari 1993
Ghala la ushirika limefungwa. Mimi, Scola, karani wa mizani, nimekaa nyumbani Izia natazama mvua. Wakubwa wamesema biashara sasa ni huria, kila mtu ajitafutie. Baba amesema kwa ufupi zaidi: nisipopata kazi hadi Jumapili, naenda Matai kupalilia ulezi wa shangazi Kalista. Mwaka jana niling'oa ulezi nikaacha magugu. Vinafanana! Shangazi hajasahau. Afadhali niwe mhalifu.

Jumanne, 12 Januari
Nimekuwa mhalifu. Huko hawataki hata barua ya maombi. Nimemfuata Kornel nyuma ya soko, yule anayevaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Genge lake linavusha vitenge kutoka Zambia bila ushuru. Nimemwambia niitwe Radi. Amejibu kwamba radi husikika na kila mtu, na kazi yao haitaki kusikika. Basi, Scola.
Bertha, mkongwe wa genge, amenitazama tangu viatu hadi kichwa akauliza kama najua kukimbia. Yeye hufunga vitenge kwa mbeleko mgongoni kama mtoto. Eti siku moja askari alimsaidia kubembeleza. Wivu umenikaba.

Alhamisi, 14 Januari
Nimebuni mbinu yangu: mimba. Nimejifunga mto wa Mama tumboni, nimetembea chumbani nimeshika kiuno. Hata kuguna nimejifunza. Mama ameuliza mto wake uko wapi. Nimeguna.
Baba nimemwambia nimepata kazi ya usafirishaji. Amefurahi mpaka nikaona aibu kidogo. Kornel anasema vitenge vinane vinatosha. Bertha hubeba kumi na viwili. Nitabeba kumi na vinne.

Ijumaa, 15 Januari
Naandika magoti yakiwa na tope.
Mwanzo ulikuwa mtamu. Tukirudi na Kornel na Bertha kwa lori kutoka Zambia, kwenye kizuizi cha ushuru askari aliona tumbo, akanishusha kwenye lori taratibu, akaniletea kiti. Bertha alinuna. Nikaguna kwa raha.
Mara akatokea Mzee Theodory, katekista wetu wa Izia, anakokota baiskeli akitoka kigangoni. Sasa, mtoto wa Kifipa hamwamkii mzee akiwa amekaa. Nikapiga magoti, nikapiga makofi taratibu, nikatoa shikamoo. Mimba ikahamia ubavuni.
Alitazama tumbo, akauliza baba wa mtoto ni nani, maana jioni hii hii lazima aonane na wazazi wangu. Nikaona parokia nzima inanigeukia. Nikapaza sauti: mimi ni msichana mwema, hii si mimba, ni vitenge kumi na vinne, asiyeamini ahesabu. Nikafungua fundo.
Askari akahesabu.
Mzee Theodory alimshukuru Mungu kwa moyo wote. Askari alicheka mpaka akaegemea kizuizi, akachukua vitenge vyote, akanikabidhi kwa mzee anirudishe nyumbani. Kornel alivua miwani, na hakuna aliyemtambua. Bertha alipita akimpigapiga mtoto wake mgongoni.

Jumapili, 17 Januari
Baada ya misa Mzee Theodory alimpa Baba habari njema kwanza, kwamba sina mimba. Kisha ile nyingine. Baba hakufoka. Alisema tu kwamba miaka ishirini alikuwa mlinzi wa ghala lile na hakuondoka hata na punje. Nililia kweli. Nimeapa magendo basi, maisha yangu yote. Kornel naye ameniondoa kwenye genge, ingawa nilikuwa nimeshaapa. Jembe limefungwa pamoja na sanduku langu.

Jumanne, 19 Januari
Matai. Nimepalilia tangu asubuhi. Shangazi Kalista amekagua mstari wangu akakaa chini. Nimeng'oa ulezi tena.
Lakini nimepata muda wa kutafakari, na kosa langu nimeliona. Vitenge havikuwa na tatizo. Pete ndiyo ilikosekana! Mwanamke mwenye pete nani atamuuliza baba wa mtoto? Mzee Theodory angenipa hongera na baraka juu.
Malori ya mpakani yanapita hapa hapa mbele ya shamba. Na shangazi huvua pete yake kila anapokanda unga, anaiweka dirishani.
Safari hii nitabeba mapacha.